Miaka ya Baada ya Shule: Ilitujenga, au Twaikumbuka Vizuri Tu?

SWALI: "Mtaalamu, salaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1989, tukiwa watahiniwa wa kwanza kabisa wa KCSE. Sikupata alama za kwenda chuo. Marehemu baba akanipeleka kijiji cha Matondoni kwa fundi wa vyombo vya baharini, nikakaa miaka miwili. Halafu nikaenda Malindi, nikafanya kazi jikoni hotelini mpaka utalii ulipoanguka mwaka 1997. Leo nina duka na familia, alhamdulillahi. Kitindamimba wangu amemaliza KCSE, amepata D+, na yuko nyumbani kutwa na simu. Namwambia miaka ile ya baada ya shule ndiyo iliyonifanya mtu, na nataka naye nimpeleke Matondoni. Anijibu: 'Baba, huo ni uzee tu, wewe wakumbuka matamu peke yake.' Je, ni kweli miaka ile humjenga mtu, au akili yangu yanidanganya? Na nimweleze vipi anielewe?" – Baba wa Langoni

JIBU: Wa aleikum salaam, kaka yangu.

Barua yako ni ndefu kuliko kipande hicho nilichokitoa hapo juu, na nimeisoma yote, pamoja na yale uliyoongeza pambizoni kwa kalamu nyingine. Hayo ya pambizoni nitayafikia, maana ndiyo yaliyonishughulisha zaidi. Kwa ufupi, mwanao amesema kweli juu ya kumbukumbu, nawe umesema kweli juu ya miaka, ila kila mmoja anajibu jambo ambalo mwenzake hakulisema. Yeye anaeleza kwa nini waikumbuka mno. Wewe waeleza ilikutendea nini. Msipoyatenganisha hayo mawili mtabishana hadi Ramadhani ijayo.

Nianze na upande wake, kwa kuwa ndio uliokuudhi.

Itazame barua yako mwenyewe. Utoto umeupa aya moja. Matondoni na Malindi, ambako kote pamoja hakufiki hata miaka minane, kumekula karibu kurasa zote. Kisha duka, ndoa, watoto na kuzika wazazi: mistari michache ya mwisho. Na katika kipindi hicho ulichokipitisha haraka, mji wako uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, wavuvi walipigwa marufuku kuvua usiku mwaka 2011, na gati la kwanza la bandari mpya likafunguliwa mwaka 2021. Wewe ni mwenye duka Langoni. Mambo hayo yameingia mpaka kwenye daftari lako la madeni, lakini hukutaja hata moja. Umeniandikia badala yake kwamba uta wa keekee (ile ya kutobolea mbao) ya fundi wako ulikuwa umezungushwa kitambaa chekundu mahali pa kushikia.

Si wewe peke yako. Mwaka 1879 Mwingereza Francis Galton alichapisha jaribio alilojifanyia mwenyewe: alitazama neno moja baada ya jingine, akaandika kumbukumbu iliyomjia na ni ya wakati gani maishani mwake. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1986, David Rubin na wenzake huko Marekani walikusanya matokeo ya majaribio ya namna hiyo waliyofanyiwa watu wengi, wakaona jambo lililojirudia kwa kila kundi la watu waliovuka miaka arubaini. Ukiyaweka kando mambo ya juzijuzi, kumbukumbu hazijagawanyika sawasawa katika umri. Zinarundikana kati ya miaka 10 na 30, hasa ujanani. Wataalamu wakichora mchoro wake, hapo panainuka kilima. Ukitaka, jijaribu jioni dukani wateja wakipungua. Andika maneno kama chombo, barua, mvua na mkate, kisha uandike lililokujia kwanza kwa kila neno na ulikuwa na umri gani. Sitashangaa barua ikiwa ni ya Malindi na mvua ikiwa ni ya Matondoni.

Kwa nini kilima kiwe hapo? Wako wanaosema ubongo wa umri ule hunasa vizuri zaidi, na pengine kuna ukweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Robert Schrauf na Rubin walichunguza watu waliohamia Marekani kutoka nchi zinazosema Kihispania, wakakuta kilima cha kumbukumbu kinafuata umri wa kuhama. Aliyehama akiwa na miaka thelathini na kitu, kilima chake kilisogea kikamfuata huko. Na watafiti Martin Conway na Haque walipowahoji watu wa Bangladesh, mwaka 1999 walieleza kwamba wale wakubwa walikuwa na kilima cha ujanani kama kawaida, na kingine cha makamo, wakati wa harakati za kupigania uhuru wao uliopatikana mwaka 1971. Kwa hiyo hoja si umri peke yake. Mtu hukumbuka pale maisha yalipogeuka. Wewe uligeuka mara mbili kwa mfululizo, kwanza kutoka darasani kwenda kwenye magogo ya Matondoni, kisha kutoka kisiwani kwenda mji wa bara wenye magari na wageni. Kila kitu kilikuwa cha kwanza: mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, Idi ya kwanza mbali na mama. Duka, kwa upande wake, lafunguliwa asubuhi na kufungwa usiku. Siku elfu moja za duka hukunjana zikawa siku moja.

Na sasa lile la matamu. Hapa mwanao, bila kujua, amegusa utafiti halisi. Dorthe Berntsen wa Denmark na huyo Rubin waliwauliza watu wazima kumbukumbu yao ya furaha kubwa kabisa, kisha ya huzuni kubwa kabisa. Za furaha zilijipanga katika ujana, zikafanya kilima. Za huzuni hazikufanya. Huzuni zimetawanyika umri wote, na nyingi ni za karibuni. Maelezo yao ni kwamba kila jamii ina ratiba yake ya maisha, yaani wakati gani mtu anatarajiwa kumaliza shule, kupata kazi, kuoa na kuzaa, na mambo hayo ya heri hupangwa takriban yote katika ujana. Tukiulizwa habari zetu, twapekua kwa kuifuata ratiba hiyo. Misiba haina ratiba.

Utaniambia, lakini mimi nimekuandikia shida, sikuandika raha! Kweli umeandika shida. Umeandika viganja vilivyopasuka, umeandika kulala njaa Malindi wiki ya mwisho wa mwezi. Lakini soma ulivyoziandika. Kila shida ina mkia wa sifa. Na kijana wa mwaka 1989, kabla ya Matondoni, umemwita "mjinga asiyejua kulia wala kushoto". Huyo mjinga, kaka yangu, alikuwa amekhitimu Kurani na kufanya mtihani wa taifa ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuufanya kabla ya darasa lake. Mwaka 1984 Michael Conway (si yule Martin) na Michael Ross walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi waliopitia mafunzo ya mbinu za kusoma, mafunzo ambayo hayakuwasaidia kitu cha maana. Walipoulizwa baadaye walikuwaje kabla, walijikumbuka wakiwa dhaifu kuliko walivyokuwa wamejieleza wenyewe siku ile ya kwanza. Walimshusha yule wa zamani ili wa sasa aonekane amepanda. Nawe umefanya hivyohivyo, na mwanao akiusikia huo "ujinga" anajua wamsema yeye.

Hayo ndiyo ya upande wake. Sasa ya upande wako, na hapa sitaki ujiinamie, maana kumbukumbu kupendelea miaka fulani hakumaanishi miaka hiyo haikufanya kazi. Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kizazi hupata sura yake kwa mambo kinayokutana nayo kuanzia kama umri wa miaka 17, mtu anapoanza kuyapima mambo mwenyewe badala ya kupokea aliyopewa nyumbani. Darasa lenu ni mfano wa wazi. Mliingia mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 mkiwa shuleni tayari, mkasomeshwa useremala na kilimo madarasa ambayo mengine hayakuwa na hata msumeno. Mlipomaliza, vyuo vikuu vya umma vilikuwa vinne nchi nzima, na vilitakiwa kuwapokea kwa mkupuo mmoja nyinyi na wale wa mwisho wa kidato cha sita cha zamani. Mtoto wa Lamu wa wakati huo kutofika chuoni ilikuwa ndiyo kawaida, wala haikuhesabiwa kushindwa. Nadhani hilo ni jambo kubwa ambalo hukuliona. Hukwenda Matondoni ukiwa na aibu. Rafiki zako wote walikuwa wakienda mahali kama hapo.

Mwanao anabaki nyumbani na D+ huku simu ikimletea picha za wenzake wakiwa getini mwa vyuo na masanduku yao. Wewe ulipokosea, kosa lako lilibaki Matondoni. Barabara ya Malindi ilikuwa ya mabasi kusafiri kwa msafara wa askari kwa kuhofia majambazi, habari za nyumbani zilikuja kwa barua au kwa mdomo wa msafiri, na mama hakujua ulivyolia mpaka ulipomsimulia miaka kumi baadaye ukicheka. Kijana wa leo hana pahali pa kukosea bila kuonekana, na sijui kama sisi wakubwa twaupima vizuri uzito wa jambo hilo tunapowaita wavivu.

Kuna wa tatu katika barua yako ambaye umempa mstari mmoja. Dadako alimaliza shule mwaka uliofuata, "akaolewa Shela". Basi. Jeffrey Arnett wa Marekani aliandika mwaka 2000 kwamba kati ya miaka 18 na 25 kuna kipindi cha pekee cha kujaribujaribu maisha kabla mtu hajatulia, na maneno yake yamenukuliwa duniani kote. Mimi huwa nayapokea kwa tahadhari. Aliwatazama zaidi vijana wa nchi yenye vyuo na ajira za kubadilisha. Wewe ulipata miaka hiyo kwa bahati na kwa kuwa mwanamume. Kwa dadako ilifungwa kwa mahari. Nikiketi hapa Malindi na wanawake wa rika lenu wakinisimulia maisha, kile kilima chao mara nyingi kiko kwenye mtoto wa kwanza na ukali wa mama mkwe, na waliobahatika kwenda chuo cha ualimu au uuguzi wana kilima kirefu zaidi na husimulia wakiwa wamesimama! Muulize dadako siku moja miaka yake ilikuwaje. Mchukue na huyo mwanao mwende naye.

Sasa pambizoni. Umeandika kwa kalamu ya buluu, bila shaka siku nyingine, kwamba mlikwenda Malindi watatu. Mmoja alipata rafiki Mwitaliano akaondoka naye, yuko Ulaya. Wa pili ni wewe. Wa tatu "unga ulimchukua, tulimzika 1999". Hukuendelea.

Nimefanya kazi na familia za Malindi zilizopotezewa vijana na heroini, na najua kwa nini hukuendelea. Lakini angalia rafiki huyo anavyoiathiri hoja yako. Mlitoka mji mmoja, shule moja, mkafika miaka ile ile, mahali pale pale, mkala ugali wa sufuria moja. Kama miaka ya tabu baada ya shule ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtu, mbona haikumfanya yeye? Sisemi hili kukuumiza. Nalisema kwa sababu wanaosimulia habari za miaka ile, barazani, kwenye harusi, kwa watoto wao, ni wale waliovuka. Waliobaki huko hawana wa kuwasemea, na msikilizaji akiwasikia waliovuka peke yao ataamini kwamba tabu yenyewe ndiyo dawa. Nimekutana na baba aliyemtoa mwanawe nyumbani makusudi "akaonje" kama alivyoonja yeye. Kijana ameonja, na hajarudi sawa.

Basi kama si tabu, ni nini? Jibu liko katika barua yako, ukurasa wa pili, na umelipita kama kwamba ni kisa cha kuchekesha tu. Nalirudia hapa kwa faida ya wasomaji.

Ulikuwa umeshakaa Matondoni miezi mingi ukiokota vibanzi, ukichemsha chai, ukivuta uta wa keekee mwenzako akishikilia. Siku moja fundi akaitwa Amu (Lamu mjini), akakuachia mashua ya mvuvi iliyopandishwa kufanyiwa kalafati, yaani kuzibwa mishono isivuje. Ukasokota pamba, ukaichovya mafuta, ukaipigilia kwa chembeu mshono wa ubavu mzima peke yako, na fundi aliporudi jioni alipitisha kidole, hakusema kitu. Chombo kikashushwa majini. Siku ya pili mvuvi akaja mbio: chavuja. Akamuuliza fundi ni nani aliyekalafati ubavu ule. Wewe ulikuwa umejibanza nyuma ya magogo ukitaraji fundi akufunike, kwa kuwa ndiye mkubwa na jina ni lake. Fundi akakuonyesha kwa kidevu. "Muulize mwenyewe, yule pale." Mvuvi akageuka, akakusemesha kama anavyomsemesha fundi, akakuuliza pamba yako uliisokota nyuzi ngapi. Chombo kikapandishwa tena, ukaitoa pamba yote, ukarudia, na fundi akakaa pembeni akinywa kahawa mpaka ukamaliza.

Hapo ndipo ulipojengwa. Mtu mzima alikuachia kazi ya kweli ya mtu wa kweli, iliyoweza kuharibika. Ilipoharibika hakukudhalilisha wala hakukufunika, na akabaki karibu mpaka ukairekebisha. Viganja kupasuka havikuhusika. Tazama na Malindi: ulilonisimulia kwa kirefu ni mpishi mkuu aliyekupa ufunguo wa stoo baada ya mwaka mmoja na kukutaka uhesabu kila kopo, nawe wakati huo wajua vitunguu na chumvi kwa Kiitaliano kabla hujajua kusalimia. Ghasia za Likoni, Mombasa, zilipozuka Agosti 1997, watalii wakakimbia pwani nzima na nyinyi mkasimamishwa kazi, huyo mpishi alikuandikia barua ya kukusifu, na kwa barua hiyo ukapewa bidhaa za kwanza za duka kwa mkopo. Yule rafiki yenu wa tatu, umeniandikia mwenyewe, alikuwa ufukweni, akiwauzia wageni hiki na kile, bila mkubwa yeyote wa kumwajibisha au kumngoja. Sitaki kudai kwamba hilo peke yake lilimmaliza. Unga ulikuwa umeshaingia Malindi, na huchukua hata wenye ufunguo wa stoo. Lakini tofauti hiyo ilikuwapo, na ni tofauti ya watu mliokuwa nao. Miaka ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo umweleze vipi? Mosi, acha kusema "sisi wakati wetu". Msimulie habari ya mvuvi na mashua, tena kwa aibu yake yote, na kule kujificha nyuma ya magogo usikuondoe. Vijana hawachoki na habari za wazazi wao kukosea. Wanachochoka nacho ni habari ambazo mzazi hushinda kila mara. Na umsimulie rafiki yenu. Amefika umri. Akisikia habari zake kutoka kwako kwanza, siku atakapokwambia ataka kwenda Malindi kutafuta maisha mtakuwa na pa kuanzia.

Pili, na hapa nitakuwa mkali kidogo: umenilalamikia kwamba yuko "kutwa na simu", kisha mistari minne baadaye ukasema "watu humletea simu zao mbovu akawatengenezea, ndiyo kazi yake hiyo". Kaka yangu, huyo yuko kazini! Anafungua simu ya jirani kwa bisibisi ndogo, anabadilisha kioo, na akikosea simu imekufa na jirani hana nyingine. Mashua imepandishwa nyumbani kwako, nawe wapita ukiitafuta Matondoni. Anachokosa ni vile vingine alivyokupa fundi. Je, analipwa, au ni "shukran mwanangu" tu? Simu ikiharibika, ni nani huenda kwa mwenyewe kuzungumza, ni yeye au ni mamake? Yuko fundi wa simu hapo mjini anayeijua kazi kuliko yeye, wa kumpitishia kidole? Mpe pembe ya duka lako, meza na soketi. Apange bei mwenyewe, aandike kila simu inayoingia na jina la mwenyewe, na umeme achangie hata kama ni shilingi kidogo. Mteja akija kukulalamikia wewe kwa sababu ndiwe baba, muelekeze kwa mwenye kazi, kisha usiondoke dukani.

Matondoni nako siikatai. Ufundi wa vyombo haujafa kama wanavyodai wanaoupenda kuombolezea. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, FlipFlopi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Lakini mbao nzuri ni ghali, ukataji wa mikoko ulizuiwa mwaka 2018 kabla ya kuruhusiwa tena, na wavuvi wengi sasa wanataka boti za faiba. Aende kwa kuwa anataka kuona, mwezi mmoja au miwili, na uzungumze na fundi kabla juu ya kazi atakayopewa, asije akafanywa wa kuchemsha chai tu. Kama hataki, usimlazimishe. Wewe ulipopelekwa na marehemu baba hukuulizwa, ni kweli, lakini pia hukuwa na kazi nyingine mkononi.

La mwisho ni hiyo D+. Mama yake amekata tamaa, waandika, kwa kuwa chuo kikuu chataka C+. Diploma nazo huanzia C-. Ila kozi za ufundi za ngazi ya cheti katika vyuo vya kiufundi vya serikali hupokea D kwenda juu, zikiwamo za umeme na elektroniki, na kijana mwenye cheti anaweza kupanda hadi diploma baadaye. Vyuo hivyo havingoji Septemba peke yake. Vingi vinapokea wanafunzi pia Januari na Mei. Maombi yanapitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, kwa mtandao, na simu anayo. Ajaze mwenyewe, nawe ukae karibu naye na pesa za ada ya maombi.